Jina la Baba, Chungu cha Mama: Mila za Nyumbani Zinavyotufanya Tuwe Tulivyo

Wengi wetu tunaoishi Maskati, Dubai, Doha, Kuwait na Bahrain tuna wajukuu ambao hawajawahi kuiona Unguja, Pemba wala Mombasa. Wakifika umri wa miaka tisa au kumi huanza maswali. Kwa nini bibi anasema Kiswahili na jirani hasemi? Kwa nini tunaitwa Wazanzibari, ilhali jina letu la kabila ni la watu wa Nizwa au Ibra? Mzazi aliyerudi kazini amechoka hujibu, "Wewe Muomani, basi," au, "Asili yetu Zanzibar." Majibu yote mawili ni kweli, na yote mawili ni nusu.

Mimi nilikuwa karani. Umri wangu wa kazi niliumaliza nikijaza fomu, nikizikagua na kuziweka kwenye mafaili. Fomu humwuliza mtu jina lake, jina la baba, la babu, kabila, na mahali alipozaliwa. Haimwulizi siku ya Idi kwao hupikwa nini, nani alimwimbia alipokuwa mchanga, wala nani alimfundisha kushika kikombe cha kahawa. Lakini ukikaa na watu utaona kwamba hayo yasiyoulizwa ndiyo yanayomjulisha mtu kwa nafsi yake kuliko yaliyoandikwa. Makala hii inajaribu kueleza jinsi mila za nyumbani zinavyomjenga mtu, na jinsi taifa nalo linavyojijenga kwa mila hizo hizo.

JINA LINALOTUNZA UKOO

Tuanze na jina, maana ndiyo mila ya kwanza anayokutana nayo binadamu. Mtoto akizaliwa huadhiniwa sikioni. Siku ya saba hupewa jina, hunyolewa nywele, na wenye uwezo huchinja akika. Wapo wanaozipima nywele zile na kutoa sadaka fedha yenye uzito wake. Mama hukaa ndani siku arubaini, hukandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, kisha ndipo hutoka na mtoto.

Jina lenyewe halichaguliwi ovyo. Katika koo nyingi, Oman na pwani ya Afrika Mashariki, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana utakuta Salim bin Khalfan bin Salim bin Khalfan, majina mawili yakipokezana kizazi baada ya kizazi. Mtoto anayeitwa hivyo hakuanza maisha peke yake. Kila anapoitwa, mzee aliyekufa huitwa pamoja naye. Na binti akiolewa hachukui jina la mumewe. Hubaki binti wa baba yake mpaka siku ya kuzikwa.

Mila hii ikikutana na ofisi za watu wengine huleta matata. Ndugu zetu waliokwenda Uingereza na Marekani wanayajua. Huko fomu inataka jina moja la mwisho la nyumba nzima: baba, mama na watoto. Sisi tulikuwa na baba mwenye jina lake, mama mwenye la baba yake, na watoto wenye majina ya babu. Nimeona ofisi moja ikimwandika kijana kwa jina la babu kwenye pasi na kwa jina la baba kwenye cheti cha skuli, na kijana yule akahangaika miaka miwili kuthibitisha kwamba watu wale wawili ni yeye. Katika Oman jina hukaa vizuri zaidi, kwa sababu serikali na ukoo husoma utaratibu mmoja: jina, baba, babu, kabila. Hapo mila ya nyumbani na kanuni ya nchi zimekutana.

Lakini mnyororo ule una jambo moja la kutazamwa. Ni mnyororo wa wanaume watupu. Bin, bin, bin, hadi mzee aliyetoka Oman na jahazi. Mama hayumo. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha swali la wajukuu.

CHUNGU KIMOJA, MAJINA MAWILI

Sasa tuingie jikoni. Waomani wana chakula kiitwacho harisi. Sisi tunakiita bokoboko. Ngano iliyokobolewa hurowekwa usiku kucha. Asubuhi huchemshwa kwa maji mengi pamoja na nyama ya kondoo, ya mbuzi au ya kuku, chumvi, mdalasini na iliki. Moto huwa mdogo, na saa huwa nyingi. Nyama ikilainika kabisa mifupa hutolewa, kisha huanza kazi ya mikono: kupondaponda kwa mwiko mpaka ngano na nyama zishikane, mtu asiweze kuzitenganisha. Hupakuliwa katika sahani bapa, husawazishwa juu, na katikati huchimbwa kishimo cha kutilia samli. Huku Ghuba wengi huishia hapo. Pwani huongeza vitunguu vya kukaanga mpaka viwe rangi ya kahawia, na wengine hunyunyizia sukari.

Chakula hiki kilisafiri. Waarabu wa Oman, ambao watu wa pwani waliwaita Wamanga, walikuwa wakivuka bahari kwa pepo za msimu tangu zamani sana. Katika miaka ya 1830 Seyyid Said bin Sultan aliihamishia Zanzibar makao ya utawala wake. Alipokufa mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kuwe na dola mbili, ya Maskati na ya Zanzibar. Dola ziligawanywa, vyungu havikugawanywa. Harisi iliingia majumbani Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, ikapata jina la Kiswahili, ikapikwa na watu wasio na tone la damu ya Manga, ikawa chakula cha Ramadhani, cha Idi na cha arusi.

Kisha ikarudi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar. Wengine walikwenda Misri, wengine Kuwait na Dubai, wengine Uingereza, wengine walibaki bara. Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki walikuja na vyeti vya skuli, na Kiingereza, na ujuzi wa ofisi na hospitali. Walikuja pia na bokoboko. Bibi alilisonga jikoni kwake Maskati kama alivyolisonga Ng'ambo au Mji Mkongwe, na jirani alipoonja alicheka, akasema hii si harisi?

Ni harisi, na si harisi. Vile vitunguu juu ndivyo vilivyokuwa historia yetu.

MILA INAMJENGAJE MTOTO?

Watu husema mila hujenga utambulisho, lakini hawaelezi kwa njia gani. Kwa niliyoyaona, njia ni tatu.

Ya kwanza ni kazi. Mtoto hajifunzi yeye ni nani kwa kuhutubiwa. Hujifunza kwa kupewa kitu cha kufanya. Katika kumimina kahawa, kijana hushika dele kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa mkono wa kulia. Hutia kidogo, si kujaza. Humwangalia mgeni: akikitikisa kikombe ametosheka, asipokitikisa huongezewa. Kijana aliyeifanya kazi hiyo miaka miwili amekwisha kujifunza heshima ya wakubwa, kukaa kimya penye mazungumzo, kumjua nani ni nani katika jamaa, na kutumia macho kabla ya mdomo. Hakuna aliyemfundisha kwa ubao na chaki.

Ya pili ni kalenda. Mila huigawa miaka. Hapa Oman katikati ya Ramadhani watoto hutoka usiku wa Qaranqashoh kukusanya peremende na njugu. Kuwait na Bahrain huitwa Gargian, Qatar Garangao, na Imarati wana Hag Al Laila katikati ya Shaabani. Kwetu Unguja tulikuwa na wapiga daku, na siku ya Idi mtoto alivaa nguo mpya, akapita kwa jamaa kupokea mkono wa Idi, halafu akaenda kuzitumia peremendeni na pemberani Mnazi Mmoja. Mtoto huhesabu siku hizi kuliko anavyohesabu za mitihani. Akiwa mtu mzima, hata akienda kusoma Manchester, siku zile zikifika moyo wake humwambia anatakiwa awe wapi.

Ya tatu ni maneno. Kila mila ina maneno yake, nayo hayatafsiriki vizuri. Kusonga, kukanda, kufukiza udi, kupiga hina, mkaja, kilemba, kombe, ubani. Mwenye maneno hayo ana mlango wa kuingilia katika mambo ya bibi yake. Asiye nayo hubaki mgeni nyumbani kwao, hata kama sura ni ile ile.

Nilisoma skuli ya misheni. Pale tulifundishwa kupanga mstari, kuandika hati ya kunyooka, kula kwa kisu na uma, na kuimba kwa Kiingereza. Sikuona kwamba hayo yalininyang'anya kitu, kwa sababu jioni nilirudi nyumbani kwenye mkeka, sahani moja ya wali na mikono mitano. Skuli ilinipa kazi ya kula mshahara, nyumba ikanipa watu. Mtoto anaweza kubeba mawili, hata matatu. Asichoweza ni kubeba kitu ambacho hakupewa.

KUTOKA JIKONI HADI KWENYE TAIFA

Taifa nalo halizaliwi na bendera. Huchagua katika mila za majumba, likaziinua juu na kuziita zake. Tazama nembo ya Oman: ni jambia na panga mbili. Jambia lilikuwa kitu cha baba kumvisha mwanawe. Leo liko kwenye fedha, pasi na milango ya wizara.

Tangu mwaka 2003 kuna mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, yaani mila, ujuzi na desturi, tofauti na majumba na magofu. Serikali hupeleka ombi, nalo lazima lioneshe kwamba watu wenye mila yenyewe wameshirikishwa na wameridhia, na kwamba mila hiyo bado inapokezwa kutoka wakubwa kwenda kwa wadogo. Mwaka 2015 kahawa ya Kiarabu na majlisi ziliingizwa katika orodha hiyo na Oman, Imarati, Saudia na Qatar kwa pamoja. Mwaka 2022 liliingia jambia la Oman. Mwaka 2023 iliingia harisi, kwa ombi la Imarati, Oman na Saudia. Mwaka 2024 iliingia hina, kwa ombi la nchi nyingi za Kiarabu.

Kwa hiyo chungu cha bibi yako kimekuwa urithi wa dunia, ingawa bibi mwenyewe hakuambiwa. Na angalia kwamba ombi lilikuwa la nchi tatu pamoja. Mila haijui mpaka wala forodha.

Mambo hayakutoka upande mmoja tu. Kofia ile ya kudariziwa kwa mkono, ambayo leo ni sehemu ya vazi la taifa la Muomani, wengi wanaoeleza historia ya mavazi huifungamanisha na Zanzibar na pwani, ambako wanawake waliishona tundu kwa tundu kwa miezi. Ukipita Seeb jioni utaona moshi wa mishkaki barabarani, na wauzaji na walaji wengi hawana jamaa hata mmoja Afrika. Mandazi yanaliwa kwa jina lake. Mambo yaliyoletwa na wanaoitwa Wazanzibari yamekuwa ya Waomani wote bila sheria wala tangazo.

Katika mila zote za Oman ninayoipenda kwa mfano wake ni shuwa. Siku za Idi nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, hutiwa katika vikapu, na vikapu vya mtaa mzima hushushwa katika shimo moja la moto, shimo likafukiwa siku nzima au mbili. Shimo ni la wote. Lakini kila nyumba huweka alama yake kwenye kikapu, ili likifukuliwa kila mtu ajue nyama yake. Kwangu mimi taifa ni hivyo. Shimo moja, moto mmoja, na kila kikapu kina alama. Asiye na alama hatapata nyama yake, na anayetaka shimo la peke yake atapika peke yake.

WASIOANDIKWA KATIKA NASABA

Sasa nirudi kwa mama aliyekosekana katika mnyororo wa majina. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutumiwa sana kuwakaripia vijana. Mimi huisoma kwa upande mwingine pia. Katika visiwa vyetu walikuwapo watu walioachishwa mila zao kwa nguvu. Waliletwa kutoka Nyasa, Manyema na kwingineko, wakapewa majina mapya, dini mpya na kazi za wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897. Wengine katika wanawake hao walikuwa masuria, na watoto waliowazaa walikuwa huru, wakarithi jina la baba na kabila lake.

Nani basi aliyewafundisha watoto wale Kiswahili? Nani aliyesonga bokoboko, akaweka vitunguu juu? Nani alibembeleza usiku? Mara nyingi ni mama yule ambaye nasaba haikumtaja. Baba alitoa jina, mama akatoa lugha na chungu. Ndiyo maana mjukuu wako ana kabila la Ibra na anaota kwa Kiswahili. Hakuna fumbo hapo, wala hakuna aibu. Mwambie wazi.

Na watu wale wenyewe hawakukaa wakingojea. Baada ya uhuru wao wanawake waliacha kaniki nyeusi, wakavaa kanga za rangi na maandishi, na kanga ikawa vazi la kila mwanamke wa pwani. Leo bibi arusi anatiwa kisutu. Kitu kilichoshikwa na waliokuwa chini kimekuwa heshima ya wote.

Hii ina maana kwamba mila si takatifu yote kwa sababu tu ni ya zamani. Kumkatalia mposaji mwema kwa sababu ya kabila la mama yake ni mila, lakini imeuma watu wengi, na wengine wamezeeka bila ya kuoa wala kuolewa kwa ajili yake. Arusi ya kukopea benki si hata mila. Ni mashindano yaliyovaa nguo za mila. Zamani jamaa walichanga mchele, mbuzi na mikono. Tutazame kila mila tuiulize: inawaleta watu karibu, au inawapanga ngazi? Ya kwanza tuishike. Ya pili tuiache ife, nasi tusiilie.

LA KUFANYA

Kule Unguja babu zetu waliitwa Wamanga. Hapa sisi tumeitwa Wazanzibari. Wapo walioumia kwa kuitwa wageni kotekote, na nawaelewa. Lakini wajukuu si lazima warithi maumivu. Wanaweza kurithi vyote viwili, tukiwapa kwa utaratibu.

Mosi, tuwape kazi. Idi ijayo agiza vyakula vingine hotelini ukitaka, lakini chungu kimoja kipikwe nyumbani, na mtoto, wa kiume na wa kike, ashike mwiko. Kupika si kazi ya bibi peke yake; amechoka.

Pili, tumweleze kila mtoto jina lake. Amepewa la nani, mtu yule alifanya kazi gani, alifia wapi. Kisha chukua karatasi, andika mnyororo wa baba, na chini yake andika mnyororo wa mama: mama, bibi, mama wa bibi, mpaka mnapoishia kujua. Wazee wanaokumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka. Waulizeni sasa, mkarekodi kwa simu.

Tatu, tuseme Kiswahili wakati wa mila, hata kama siku nyingine nyumba inasema Kiarabu na Kiingereza. Mtoto akisikia Kiswahili jikoni, kwenye hina na kwenye kahawa, atakihusisha na furaha, na kitamkaa.

Nne, tusiwafundishe kuchagua upande. Mtoto avae joho na jambia Siku ya Taifa kwa kujivunia, na jioni ale bokoboko kwa jina lake la Kiswahili. Akiulizwa skuli yeye ni nani, aweze kujibu bila kusita: mimi ni Muomani, na kwetu tunasema Kiswahili, na nitakueleza kwa nini. Akiweza kueleza hiyo sababu, na akamtaja bibi yake kwa jina, kazi yetu tumeifanya.